Kabla hujasema wateja hawataki kitu kipya

Nimesambaza vipodozi madukani kwa miaka mingi, na wanaoanza kazi hii huwa nawaambia: usikimbilie kusema wateja hawapendi kitu kipya. Mara nyingi kitu chenyewe hakijawahi kufika mbele yao.

Chukua losheni moja yenye harufu sita. Pale kanuni zinapotaka kila harufu isajiliwe kivyake, ada, vipimo vya maabara na lebo vinalipiwa mara sita, hata kama mojawapo itauza katoni chache tu. Ada haiangalii mauzo. Basi mwagizaji anapiga hesabu, anasajili mbili zinazotoka haraka, nne anaachana nazo. Mwenye duka hakuzikataa, hazikumfikia. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, omba masharti ya usajili kwa maandishi na uulize: ada inatozwa kwa kampuni, kwa bidhaa, au kwa kila toleo, yaani kila harufu kivyake? Jibu hilo litaamua upana wa mzigo wako kuliko matakwa ya mnunuzi.

Sisemi usajili ufutwe. Krimu yenye zebaki haifai kuwa kwenye rafu ya mtu yeyote. Kinachonikera ni toleo linalotofautiana kwa harufu tu kutozwa kama bidhaa mpya kabisa.

Kizuizi kingine kinalihusu duka lenyewe. Ufaransa ilipitisha Sheria ya Royer mwaka 1973, maduka makubwa yakalazimika kupata kibali cha tume kabla ya kujengwa. Mwaka 1996 kibali kikaanza kuhitajika kuanzia mita za mraba 300. Japani nayo ilikuwa na sheria yake ya maduka makubwa, ikafutwa mwaka 2000. Nia ilikuwa kuwakinga wenye maduka madogo, na hoja yao ina uzito: duka kubwa likiua madogo mengi, bidhaa zinaweza kuongezeka ndani yake huku zikipungua mtaani. Ila maduka yakibaki madogo, nafasi ya rafu huwa finyu, muuzaji huweka kinachotoka, na chapa ndogo ndiyo huondolewa kwanza.

Kwenye duka la namna hiyo usipeleke katalogi nzima. Peleka toleo moja ambalo hawana linalofanana nalo. Wakikudai ada ya kuwekwa rafuni, fahamu kwamba kwa kawaida hayo ni masharti ya duka, si ya sheria, kwa hiyo yanajadilika: omba kipindi cha majaribio, ukubali kuuchukua tena mzigo usiouzika, na makubaliano yaandikwe kabla katoni ya kwanza haijashushwa.