Wifi, mtoto si makaratasi

Wifi, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mdogo wako kaambiwa Marekani watoto wanagawiwa bure, serikali inakulipa kuwalea, na ukiasili mmoja tu makaratasi unayo. Halafu ukanichoma: "Wewe ulishapata yako, sasa unatubania njia."

Bure ni kweli, au karibu na bure. Posho ipo, inaishia kwenye viatu na safari za kumpeleka kwa mshauri. Makaratasi sahau. Mtoto raia hawezi kumwombea mzazi ukaazi mpaka atimize miaka 21, na wa kuasili awe aliasiliwa kabla ya 16 na mmeishi pamoja miaka miwili. Hesabu mwenyewe.

Tena watoto hawa si yatima, ni walioondolewa kwao na serikali. Wengi mama zao wapo hai, na mahakama huanza kwa kujaribu kuwarudisha kwao. Sheria ya huku ya 1997 inasema mtoto akikaa kwenye malezi ya kambo, yaani kulelewa kwa muda nje ya kwao, miezi 15 kati ya 22, kwa kawaida serikali iombe wazazi wavuliwe haki. Hapo ndipo anaanza kusubiri mzazi mwingine. Mwaka 2022 waliokuwa wakisubiri walizidi 100,000. Vichanga hawakai, wanaobaki ni wakubwa, na ndugu wasiotaka kutenganishwa.

Lakini kilichoniuma mimi ni ule ukaguzi wa nyumba kabla ya kupewa mtoto. Alama za vidole, sawa. Afisa wa ustawi akafungua makabati, akauliza dawa zinafungiwa wapi, akabonyeza king'ora cha moshi. Nikavumilia. Kisha akaketi akaniuliza, "Utotoni uliadhibiwaje?" Nikacheka, nikamjibu bakora, kama kila mtu. Yeye hakucheka. Aliandika, akaandika, akageuza ukurasa. Nikaitwa tena kueleza mimi nitamwadhibu vipi mtoto. Nilitoka pale najiona nimemshtaki mama yangu polisi. Nikasaini kwamba sitampiga, nimenuna.

Mtoto akaja. Miaka 11, nguo zake zimo kwenye mifuko miwili ya taka. Wiki ya kwanza alidondosha glasi. Hakukimbia wala hakulia. Alisimama palepale, mikono kichwani, macho kayafumba, ananisubiri. Nikachukua ufagio. Mpaka namaliza kufagia hakuwa amefumbua macho.

Ile karatasi niliyoisaini kwa kinyongo, siku hiyo niliishukuru.

Basi mwambie mdogo wako asije kwa ajili ya makaratasi. Akija kihalali, akatulia, akapata kazi ya kueleweka na chumba cha ziada, akitaka kulea mtoto nitamsindikiza mwenyewe.  Huyu wangu ananiita kwa jina langu, kavu kavu, na kila akiniita mwili unanisisimka. Mdogo wako ataliweza hilo? Hasira zake tunazijua.

Ulisema pia nalea wa watu huku damu yangu ipo kwako. Hilo sina jibu, wifi. Ada ya wanangu hao imechelewa kwa sababu ya siku nilizokaa mahakamani bila malipo, na mwezi ujao tunarudi kwa hakimu, safari hii kukamilisha kumwasili. Nitatuma Ijumaa. Kaka mwambie.

Mama usimwambie nilichosema kuhusu bakora.