Jibu: Msimamizi mpya, waliokutangulia hawakusikii

Mdogo wangu wa Tabora, nimekuelewa: umepandishwa kusimamia wafungashaji wa asali, waliokutangulia kazini wanakununia, na kazi zote unaishia kuzifanya mwenyewe.

Nami nilipitia hayo hapa Kigoma, kwenye kukausha dagaa. Anza na yule mama mzoefu kuliko wote. Mwite pembeni, si mbele ya watu, umwombe awafundishe vijana kupima unyevu wa asali, usizidi asilimia 20. Kisha mwachie kweli. Akikosea, muulize kwanza ameonaje. Usimpokonye kipimo mkononi. Mimi niliwahi kumpokonya mtu kazi hivyo nikampoteza fundi mzuri, na hadi leo inaniuma.

Shikamoo usiiache kwa sababu ya cheo. Ila ukishasalimia, taja kazi waziwazi: nani, nini, mpaka saa ngapi.

Mtu akigoma, usimfukuze kwa hasira. Mwandikie onyo, mpe nafasi ya kujieleza, na mhusishe afisa utumishi mapema. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko maandishi yako yataulizwa.