Kabla mlipie hiyo boti ya mfereji, soma hii kwanza

Nimesoma swali lako nikaweka simu chini, nikazunguka nyumba mara mbili ndio nikarudi kuandika. Unasema Agosti mnaenda kumwona dadako Birmingham, Uingereza, nyinyi na watoto wawili na mama yako, na mnataka kukodi ile boti ndefu nyembamba ya mifereji wiki nzima. Unauliza mfereji gani mzuri, itakula pesa ngapi, kama laisensi inatakikana, na kama kijana wa miaka 9 anaweza kushika usukani. Halafu hapo chini ukamalizia ati mtu amezoea Thika Road hawezi shindwa na maji yamelala. Hiyo sentensi ndio imeniuma, kwa sababu mimi niliisema karibu hivyo hivyo 2019 na binamu yangu ana vyuma mguuni mpaka leo.

Laisensi haitakikani. Unalipa, unapewa ufunguo, unaenda. Na hapo ndio shida inaanzia.

Sasa sikiza. Tulikuwa watu watano, mfereji wa Oxford, ile sehemu ya kusini ya kijiji cha Napton. Huo mfereji uliisha kujengwa 1790 na waliouchimba walifuata tu vile ardhi imelala, kwa hivyo umejipinda kama njia ya mbuzi, kuna kilima hapo Wormleighton unakizunguka karibu chote. Madaraja ni ya matofali, chini yake inapita boti moja tu, na mengine yako kwa kona kabisa huoni mbele. Boti yetu ilikuwa mita 18 urefu, upana mita 2 na kidogo, chuma kitupu, uzito kama tani 17. Na dereva unasimama nyuma kabisa, yaani pua ya chombo unachoendesha iko mbali na wewe kama urefu wa basi moja na nusu.

Jamaa wa yadi, pale boti zinakodishwa, alitufunza dakika 20. Nyingi kati ya hizo zilienda kwa choo, gesi na vile ya kujaza tangi la maji. Rivasi alituonyesha boti ikiwa imefungwa kamba! Akasema mwendo ni wa kutembea kwa miguu, hata ukigusa mtu ni kumsalimia tu, na kama unajua gari basi hii ni rahisi kuliko gari. Akapanda na sisi mpaka daraja la kwanza akaruka kando, akatupungia mkono. Miaka imepita na bado nina hasira na huyo mtu, kwa sababu yeye alikuwa anajua. Anaona wageni kama sisi kila wiki, anajua ni nini kinawapata huko mbele, na alikuwa na haraka ya kukabidhi boti ingine.

Siku ya pili, saa tano asubuhi. Na kabla mtu aniulize, ndiyo, tulikuwa tumekunywa: chai ya maziwa, majani ya Kericho ambayo shangazi alibeba kwa begi. Natokea chini ya daraja, naona boti inakuja, na kulia kwangu, kwa ile njia ya waenda kwa miguu, kumefungwa boti ingine, ya mzee anaishi ndani yake. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nikavuta kushoto, kwa sababu miaka kumi na tano ya kuendesha gari Nairobi imeniambia ukiona gari mbele shika kushoto. Huko pia barabarani ni kushoto, lakini majini mnapishana kulia, na yule wa mbele alikuwa ameshafuata sheria yake, kwa hivyo sasa tunaelekeana uso kwa uso. Nikageuza tena kulia kwa nguvu. Pua ikaanza kwenda kulia vizuri, lakini ikaenda sana, ikaelekea kwa boti ya mzee, na hapo ndio nikafanya kosa lililotugharimu kuliko yote. Niliogopa nikaweka fri, yaani nikatoa gia, injini haisukumi tena.

Kwa gari ukitoa mguu kwa mafuta usukani bado ni wako. Kwa hii boti sio hivyo. Usukani wake ni bamba la chuma nyuma ya propela, na linafanya kazi kwa sababu propela inalisukumia maji. Ukiweka fri maji yanaacha kusukuma, bamba linakuwa kama mlango umefunguliwa hewani, unalizungusha vile unataka na boti haina habari. Ukiweka rivasi pia usukani hausaidii kitu. Na breki hakuna, hakuna kabisa, kwa hivyo nilikuwa nimeachilia tani 17 ziende zinakotaka, fikiria lori ya mchanga imewekwa fri pale mteremko wa Museum Hill halafu wewe umeshika stelingi umeamini kitu fulani kitatokea. Ule mwendo wa kutembea kwa miguu ndio uongo mkubwa wa huo mchezo wote, mwendo ni mdogo ndiyo, mwisho unaoruhusiwa ni kama kilomita 6 kwa saa, lakini uzito hautembei kwa miguu.

Binamu yangu alikuwa amekaa mbele. Akaona tunaenda kugonga akafanya kile kila mtu mwenye roho nzuri angefanya, akatoa mguu asukume.

Sitaeleza ile sauti. Kifundo kilivunjika sehemu mbili. Mzee alitoka na unga wa kahawa kwa nywele, kabati lake lote lilikuwa limeanguka, sahani zimevunjika, na sikusikia hata neno moja la hasira, alileta blanketi akamshika binamu yangu kichwa mpaka watu wa ambulansi wakafika wakitembea, kwa sababu gari haiwezi kuingia hiyo njia. Shangazi alikuwa anaomba kwa Kikamba na mzee anaitikia amina bila kujua anaitikia nini. Depozi ilienda, likizo ikaenda, tikiti za ndege tukabadilisha, na hayo yote ningelipa mara mbili ili ule mguu ubaki ndani.

Kwa hivyo kitu kimoja tu nakuomba, mengine utajaza mwenyewe: usitoke hapo yadi kabla hujasimamisha boti mara tano. Sio kuendesha. Kusimamisha. Kila mtu mzima atakayeshika usukani afanye mara zake tano. Chagua mti kando ya maji, sema nitasimama kabla ya huo mti, halafu ujaribu. Mara ya kwanza utaupita mbali sana. Utagundua unafaa kunyoosha boti kwanza injini ikiwa bado inasukuma kidogo, upunguze mapema sana, ndio sasa uweke rivasi kidogo kidogo, kwa sababu vile pua inaangalia wakati unaingiza rivasi ndivyo utakavyoteleza. Utagundua pia mkono wa usukani unasukumwa kushoto ili uende kulia, na boti inazungukia katikati yake, pua ikienda kulia mkia unafagia kushoto. Haya mambo huwezi kuyagundua chini ya daraja na mtu anakuja.

Ukishajua kusimama, kwa daraja lenye kona unapunguza kabla hujafika, unapiga honi moja ndefu, na kama kuna mtu unamngoja. Kawaida unakaa katikati ya mfereji kwa sababu ndipo kuna kina, boti ingine ikija unasogea kulia kidogo. Kando ya boti zilizofungwa unaenda pole kabisa, injini ikinong'ona tu, watu wanaishi humo. Na waambie wote, mama yako pia, mikono na miguu ndani hata kama mnaenda kugonga ukuta. Chuma wacha kigonge chuma.

Kijana wa miaka 9, sijui, labda siku ya nne na wewe umeshika naye.

Sasa fanya hivi. Pigia hiyo kampuni simu na uulize kama kuna mtu atakaa na nyinyi saa nzima kwa maji, akiwaona mkisimama, sio akiwaonyesha choo. Wakianza kukuambia ni rahisi kama gari, kata simu utafute wengine. Uliza leo, bado hujatuma pesa.