Maswali ya Wasomaji: Kibunduki cha Kupuliza Unga kwa Waunda Modeli

Naunda modeli ya lori, kipimo cha 1/35. Vipande vya brasi nimevipiga msasa namba 600 na praima (rangi ya kwanza ya kushikisha rangi), lakini nikibandua maskintepu rangi inatoka nayo. Nimeshauriwa kibunduki cha kupuliza mchanga, kile cha ukubwa wa kalamu. Naweza kukijaza mchanga wa korongoni uliochekechwa? Kompresa yangu ni ndogo, haina tangi.
*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Kibunduki nunua, ila mchanga wa korongoni achana nao kabisa. Mchanga wa huku kwetu umemomonyoka kutoka kwenye miamba ya granaiti, umejaa silika, madini magumu ya mchanga. Chembe zikigonga chuma hupasuka, na vumbi lake huzama ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hauna tiba. Kuchekecha ndiko kunakobakiza chembe laini, ambazo ndizo mbaya zaidi.

Tafuta unga wa aluminiamu oksaidi wa maikroni 50. Waulize wauzaji wa vifaa vya maabara za meno. Mafundi wa meno bandia huutumia kila siku.

Anza na PSI 25 (PSI ni kipimo cha presha ya hewa), na kwa brasi nyembamba usivuke 40. Nozeli, yaani ncha inayotoa unga, ikae sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kipande, imeinama kiasi, na mkono usitulie mahali pamoja. Bati la milimita 0.2 likipigwa upande mmoja tu hujikunja, kwa sababu uso unaogongwa hutanuka. Kwa hiyo vipande viache kwenye fremu yake, lile bati vilivyoshikamana nalo, ibandike juu ya kigae kwa tepu ya pande mbili, piga kidogo, kisha geuza. Mng'ao ukishafifia, acha. Unachotafuta ni ukwaruzo wa kushika praima. Ukiendelea utafuta vichwa vya riveti.

Osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki, kausha, usishike tena kwa vidole vitupu, na upake praima siku hiyohiyo.

Kompresa isiyo na tangi itakusumbua: presha hushuka kila unapobonyeza. Tangi la lita 24 linatosha, ingawa kwa mwinuko wa Dodoma, mita 1,100 na ushee, hewa ni nyepesi na litachelewa kidogo kujaa.

Fanyia kazi ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko wa kioo, matundu mawili ya glavu na mpira wa mashine ya kufyonza vumbi. Mashine hiyo itolee hewa nje, la sivyo itarudisha vumbi chumbani. Barakoa ya N95 na miwani vaa hata hivyo.

Nilitaka kutoa rangi kwenye modeli ya plastiki kwa baking powder, nozeli ikaziba. Kwa nini?
*Msomaji, Singida*

Baking powder ina wanga na asidi kavu. Ikipata unyevu kidogo tu hushikana. Tumia bikaboneti ya soda (baking soda) tupu, na magadi ya kupikia maharage usiyaguse. PSI 15 hadi 20 zinatosha. Jaribu kwanza chini ya chasisi, mahali pasipoonekana. Ikishatumika imwage, maana chembe zimeshavunjika. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye siki kidogo, kisha maji matupu. Masalia ya soda huifanya praima isishike.

Masika kibunduki changu hukohoa: kinatoa unga, kinakata, kinatoa tena.
*Msomaji, Kondoa*

Unyevu. Funga kichujio cha maji karibu na kibunduki na umwage maji ya tangi kila baada ya kazi. Aluminiamu oksaidi unaweza kuikausha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, kisha ipoe na uichuje kwa chujio la chai. Bikaboneti usiiweke motoni: kwenye nyuzi 80 hivi huanza kuvunjika, ikitoa maji na kaboni dioksaidi, na inayobaki si bikaboneti tena. Hiyo ichekeche tu na uitunze kwenye chupa iliyofungwa vizuri.

Unga ukiwa mkavu na bado kinakohoa, tazama kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha kikopo cha unga. Kikiziba, unga haushuki. Na kama mkondo umekuwa mpana kuliko zamani, nozeli imelika, badilisha.