Siku Tisini na Kiwanja cha Kange

Tanga, Desemba 2025

Marahaba, mwanangu Zuhura.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nimezima feni nisikose neno. Umeniuliza: Februari unatimiza mwaka mmoja tangu upate ukaazi wa kudumu, je, uombe uraia wa Uingereza au ubaki kama ulivyo? Kisha ukashusha sauti ukaniambia wenzako wanakushauri uombe tu, ukishapata unyamaze, na pasipoti ya Tanzania uifiche kabatini. Hilo la kabati nitalifikia.

Kwanza nikuambie jambo ambalo hukuwahi kulijua. Mimi niliomba mara mbili. Mara ya kwanza nilikataliwa.

Ulikuwa sekondari, unaishi kwa bibi yako Ngamiani. Babu yako aliugua, nikaja kumuuguza, nikakaa mpaka tulipomzika na arobaini ikapita. Niliporudi Reading, Uingereza, nikaenda kwa mtu mmoja aliyekuwa akijazia watu fomu kwa malipo. Nikamwonyesha mihuri kwenye pasipoti. Akanambia hakuna neno, peleka tu. Siku nilizokuwa nje ya Uingereza ndani ya mwaka ule zilikuwa 117, na mwisho ni 90. Kuhesabu nilikuwa najua, Zuhura. Nilimwamini kwa sababu jibu lake lilikuwa tamu. Barua ya kukataliwa ilikuja na ada haikurudi, na ada ile nilikuwa nimeichuma kwa zamu za usiku, nikigeuza wazee vitandani. Sikumwambia mtu. Nilipoomba tena nikapata na kula kiapo, mwaka 2010, wewe ulikuwa umeshafika miaka 20, na dirisha la kukuombea kama mtoto lilikuwa limefungwa zamani.

Kwa hiyo nikikukazania hesabu ya siku, usione mama amezeeka.

Kwa mtu kama wewe, ambaye mumeo si Mwingereza, sheria inataka uwe umeishi huko miaka 5, na mwaka wa mwisho uwe umeshika ukaazi wa kudumu. Ndani ya miaka hiyo 5 usiwe umekaa nje zaidi ya siku 450, na katika miezi 12 ya mwisho usizidishe 90. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi, zinahesabiwa zile nzima za katikati. Aliyeolewa na raia wao hesabu yake ni miaka 3 na siku 270, wala hangoji mwaka upite baada ya ukaazi. Lakini Salim ni wa Pangani, kwa hiyo hayo tuyaache.

Kuna kifungu kimoja kinachowaangusha watu wengi, na wewe kinakugusa. Siku ombi lako linapopokelewa, wanarudi nyuma miaka 5 kamili na kuuliza: siku hiyo ulikuwa ndani ya Uingereza? Sasa kumbuka Februari 2021 ulikuwa wapi. Ulikuwa hapa, umekaa kwenye mkeka wa msiba wa bibi yako. Ulikuja katikati ya Januari, tarehe 22 Waingereza wakatuweka kwenye ile orodha nyekundu ya korona, ndege yako ikafutwa. Ukarudi tarehe 24 Februari, ukafungiwa hotelini siku 10 kwa pauni 1,750 na chakula cha kuwekewa mlangoni. Ukipeleka ombi tarehe 10 Februari kwa pupa ya mwaka kutimia, siku inayolingana nayo ulikuwa Ngamiani unapika uji wa waombolezaji. Siku hizi wana ruhusa ya kulisamehe jambo hilo. Lakini kwa nini uombe msamaha wakati unaweza kungoja wiki tatu? Kama utaomba, omba Machi.

Tarehe zako zitafute sasa. Mwenye ukaazi hagongewi muhuri akiingia Uingereza, kwa hiyo tegemea mihuri ya Uhamiaji wa Dar na tiketi zilizomo kwenye baruapepe zako.

Mengine hayana uzito kwako. Mtihani wa Life in the UK, ule wa historia na maisha ya Uingereza, ulishaufaulu ulipoomba ukaazi, na cheti chake hakiozi. Kiingereza ulithibitisha hukohuko. Wadhamini wanatakiwa wawili, wasio ndugu zako wala ndugu wao kwa wao, waliokujua miaka 3. Mmoja awe mtu wa taaluma wa taifa lolote, hata imamu au muuguzi mwenzio, na mwingine awe na pasipoti ya Uingereza. Yule jirani yako mwenye paka atafaa akiwa amepita miaka 25, na paka wake wote wale nadhani amepita. Utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kisha utangoja, mara nyingi hadi miezi 6. Wakiuliza habari za kodi au faini, sema yote. Kosa dogo lililosemwa halina makali kama kosa dogo lililofichwa.

Pesa ndiyo inayouma. Kwa viwango vya Aprili 2025 ada ya mtu mzima ilikuwa pauni 1,605, na ya sherehe ya kiapo 130, jumla 1,735. Wakikataa, unarudishiwa ile ya sherehe tu.

Na hapa ndipo ninapotaka uketi kitako. Wewe umeuliza habari zako, hukuuliza za mwanao Imran. Amezaliwa Leeds mwaka 2022, na watu wanadhani aliyezaliwa kule ni raia wa kule. Si hivyo. Siku anazaliwa, wewe na Salim mlikuwa na viza ya kazi, kwa hiyo mtoto si Mwingereza. Kwa kuwa sasa una ukaazi wa kudumu, ana haki ya kusajiliwa kuwa raia, wala huna haja ya kuwa raia wewe kwanza. Ada yake kwa viwango hivyo vya Aprili 2025 ilikuwa pauni 1,214. Na huyo unayemtarajia, akizaliwa kwa salama huko huko inshallah, yeye atakuwa raia tangu pumzi ya kwanza, kwa ukaazi wako tu. Fikiria basi: ndugu wawili nyumba moja, mdogo raia, mkubwa la. Mtoto wetu sheria ya hapa inamvumilia kushika uraia wa pande mbili mpaka atimize miaka 18, hapoteziwi kitu leo. Ukiwa na pesa ya mtu mmoja, mtangulize Imran. Mimi nilikuchelewesha wewe, usimcheleweshe yeye.

Tuje kwako.

Huko huhitaji uraia ili ufanye kazi, wala ili utibiwe. Hata kura unayo, maana Tanzania ni nchi ya Jumuiya ya Madola, na wa Jumuiya ya Madola mwenye ukaazi anapiga kura ya wabunge wao. Umeshaipiga? Najua hujaipiga. Pensheni pia haijali pasipoti: inatazama miaka uliyochangia. Mimi na uraia wangu nikikaa Tanga, pensheni yangu ya serikali haipandi kila Aprili kama ya waliobaki kule, imesimama pale pale ilipoanza. Pasipoti haikuniokoa na hilo.

Kitu ambacho uraia ulinipa ni kimoja, na sikukijua mpaka bibi yako alipofariki. Nilikuja kuzika kama wewe. Wewe ukarudi, mimi nikabaki. Wiki moja, mwezi, mwaka, nikaona nyumba yake inanihitaji nami naihitaji. Mwenye ukaazi wa kudumu akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo, ukaazi unakufa. Namjua mama mmoja tuliyefanya naye kazi Reading, alirudi kwao kulea mjukuu, akakaa miaka 3. Sasa kumtembelea mwanawe anaomba viza kama mtu asiyewahi kukanyaga kule. Mimi miaka 5 inatimia sasa, na wewe ukijifungua nikakata tiketi ya kuja kukukanda, hakuna wa kuniuliza nilikuwa wapi. Watu husema uraia unakufunga na nchi. Mimi ndio ulionipa ruhusa ya kuondoka.

Lakini uliza nimeondoka kuja wapi. Nimekuja nyumbani kama mgeni.

Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Siku unapoapa kule, huku umeshatoka, hata kama hakuna aliyekuandikia. Niliposhuka Dar Januari ile, nilipanga foleni ya wageni na dola 50 mkononi ya viza, kijana wa dirishani ananiamkia "shikamoo mama" huku ananigongea siku za kukaa. Leo naishi Ngamiani, mtaa niliozaliwa, kwa kibali cha ukaazi daraja C. Ukaazi, Zuhura! Neno lile lile nililolihangaikia Reading miaka yote, nimekuja kuliombea mlangoni kwa mama yangu.

Na mpwa wa babu yako aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, pale Lungalunga, saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa nilipokaa, yeye ana pasipoti mbili kihalali. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mzawa hapotezi uraia kwa kupata mwingine, anatakiwa tu kuutangaza. Ukoo mmoja, Wadigo wale wale, mpaka aliuchora mkoloni. Kila Idi ananitania kwa hilo, nami kila Idi sina jibu.

Sasa kiwanja chako cha Kange, hapa Tanga. Umekinunua kwa zamu zako za ziada, hati ina jina lako. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Siku hizi imekuja hadhi maalumu ya watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, na inalegeza mambo, ardhi ikiwemo. Nimefurahi. Lakini hadhi si uraia: haikupi kura wala pasipoti, na masharti yake yasome wewe mwenyewe, au umlipe wakili akusomee, kabla ya kuapa. Usifanye kama mimi. Shamba la Muheza, fungu langu la michungwa, liliandikwa jina la ndugu yangu "kwa muda" kwa sababu ya uraia wangu. Muda huo haujaisha. Kila msimu naletewa gunia moja la machungwa, naambiwa mavuno mabaya.

Ndiyo maana habari ya kabati siitaki. Watu wanafanya, najua. Wanaingia Dar kwa hii, wanatoka kwa ile. Nami nilikaa na ile ya Tanzania kwenye droo miezi 8 baada ya kiapo, nikiitazama kama picha ya mtu aliyekufa, kisha nikairudisha ubalozini London kwa mkono wangu. Siku utakapohitaji kuuza kiwanja, au kudai mirathi, au ukagombana na mtu mwenye kinyongo, kabati hilo litafunguliwa na mtu mwingine. Na wewe ni muuguzi mwenye namba ya usajili, jina lako ndilo mtaji wako.

Jingine dogo: ukishaapa, usikate tiketi ya popote mpaka pasipoti mpya iwe mkononi. Ukaazi wako unakuwa umekwisha siku ile ile, na ya Tanzania haiko halali tena. Katikati hapo mtu hana cha kusafiria. Na misiba haingoji.

Kiapo chenyewe ukitaka kujua kilikuwaje: ukumbi wa manispaa, picha ya Malkia, watu kama 30. Pembeni yangu alikaa mama wa Kinepali, wale wako wengi Reading, amevaa dhahabu zake zote. Tukaapa utii kwa Malkia Elizabeth na warithi wake, nikachagua maneno yenye jina la Mungu ndani. Nilidhani nitalia kwa furaha. Nililia kwenye wimbo wa taifa, lakini wimbo niliousikia kichwani ulikuwa ule wa kwetu. Baadaye nikampigia bibi yako. Akaniuliza kama wametupa chakula.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Imran mwombee sasa. Wewe usiombe Februari. Ukiona maisha yako na ya Salim ni huko mpaka watoto wamalize shule, na kiwanja umekiwekea utaratibu, omba Machi au Machi nyingine yoyote, nami nitakuja kwenye kiapo na kanga zangu. Lakini kama kweli mna nia ile mliyoniambia, ya kurudi baada ya miaka 6 kufungua zahanati Kange, basi baki na ukaazi wako, ukijua kwamba siku mkirudi moja kwa moja unaanza kuhesabu ile miaka 2. Ukaazi haukuharibikii mkononi ukiwa huko. Ada ndiyo inayopanda. Zungumza na Salim usiku mmoja, simu zimezimwa.

Na nitumie tarehe zote za safari zako tangu Januari 2020, za kwenda na za kurudi, nizihesabu mimi. Wewe tarehe zilikushinda tangu darasa la nne.

Mbusu Imran. Mwambie bibi amemwekea ubuyu.

Mama yako