Shangazi Anajibu: Niende na ua kanisani?

Shikamoo Shangazi. Nasoma Prague. Jirani yangu amenialika kanisani kwao, la Wayunitariani, Mtaa wa Karlova, akaniambia kuna komunyo ya maua, nije na ua moja, na nikitoka nichukue la mtu mwingine. Mimi Mkatoliki. Hii ni komunyo ya namna gani? Nikishiriki nitakuwa nimetenda dhambi?
— Binti wa Masomo

Marahaba, binti yangu. La dhambi muulize padri wako. Sitaki kumwingilia kazi yake. Habari ya hayo maua nitakupa.

Kanisa hilo lilianzishwa na Norbert Čapek. Alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, akaenda Marekani, huko akajiunga na Wayunitariani, akarudi Prague mwaka 1921. Hawa husema Mungu ni mmoja, hakuna Utatu, wala hawamdai mtu akariri kanuni ya imani. Wengi waliomfuata walikuwa wamelihama Kanisa Katoliki, hata kuona mkate na divai hawataki. Lakini ibada isiyo na kitu cha kushika mkononi hugeuka hotuba tupu (sisi Walutheri tunalijua hilo, ila hatulisemi). Ndipo mwaka 1923 Čapek akawaambia kila mtu aje na ua, hata likiwa la kando ya njia.

Ukifika, tia ua lako chomboni kwa mkono wako, maana kulitia ni kusema umejiunga na wenzako kwa hiari. Maua huombewa, kisha kila mtu huondoka na ua ambalo si lake. Kazi iko hapo: Čapek alitaka mtu achukue bila kuuliza limeletwa na nani. Waridi ulilolinunua laweza kwenda kwa mtu msiyesalimiana, wewe ukaambulia ua la nyasi lililokwisha kulegea.

Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata Čapek mwaka 1941 kwa kusikiliza redio za nje, na mwaka 1942 aliuawa kwa gesi huko Hartheim, mahali pa mauaji pa Wanazi nchini Austria. Mkewe Maja alikuwa Marekani, na alikwisha kuwafundisha Wayunitariani wa huko ibada hiyo mwaka 1940. Siku hizi inafanyika nchi nyingi, mara nyingi mwezi wa Juni.

Moyo ukisita, kaa nyuma utazame tu. Ukiamua kushiriki, usilifunge ua lako utepe. Utalitambua, na ibada nzima utakuwa unamtazama aliyelichukua.