Kata za Dar es Salaam katika PostGIS: asili moja, ngazi nyingi

Ramani ya mtandaoni huhitaji umbo lenye nukta chache zaidi kwa kila ngazi ya ukuzaji (zumu) ya chini, na hapa tunalizalisha kwa PostGIS, nyongeza ya data za ramani kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Jedwali la asili liache na nukta zake zote. Ngazi nyingine zizalishe kutoka humo moja kwa moja. Ukirahisisha umbo lililokwisha kurahisishwa, makosa yanarundikana.

Kiasi cha kurahisisha kitoke kwenye pikseli. Kwa vigae (vipande vya mraba vya ramani) vya pikseli 256, pikseli moja kwenye ikweta ni karibu mita 2,446 ukiwa zumu 6, mita 153 kwa zumu 10, mita 9.6 kwa zumu 14. Anza na nusu pikseli: 75 kwa zumu 10, 5 kwa zumu 14. Hizo ni mita, kwa hiyo geuza data kwanza kwa ST_Transform kwenda 3857, mfumo wa majira wa ramani za mtandaoni unaopima kwa mita. Ukiiacha kwenye 4326, mfumo wa latitudo na longitudo, 75 inasomwa kama nyuzi 75, na kata zote zinaharibika umbo.

Kinachowatesa wengi ni mipaka ya pamoja. Jina la ST_SimplifyPreserveTopology linadanganya kidogo: inalinda kila poligoni peke yake, jirani haimjui. Kata moja inakatwa kona huku, ya pili kule, katikati panabaki ufa mweupe. Kuanzia PostGIS 3.4 yenye GEOS 3.12 (maktaba ya jiometri inayoitumia), zirahisishe zote kwa mkupuo:

SELECT kata_id, ST_CoverageSimplify(geom, 75) OVER () AS geom FROM kata_3857;

Hiyo OVER () si pambo: ndiyo inayofanya kata zote zisomwe pamoja. Kabla yake endesha ST_CoverageInvalidEdges, inayoonyesha kingo zisizolingana, maana kingo zilizoachana hata kwa milimita hazihesabiwi kuwa mpaka mmoja. Zirekebishe kwenye asili. Hapo tu ndipo inaporuhusiwa kuigusa.

Zumu 6 haihitaji kurahisisha kata, inahitaji kuziondoa: Kariakoo nzima haijazi pikseli moja. Ziunganishe kwa ST_Union kuwa wilaya 5. Majengo vivyo hivyo, nyumba ya mita 8 kwa 10 haina kazi kwenye zumu 13. Barabara za OSM (OpenStreetMap, ramani huria) ziunge kwanza kwa ST_LineMerge, kwa jina na daraja, kwani ncha za kila kipande hubaki na vipande vifupi havipungui kitu.

Kila ngazi iwe "materialized view" (matokeo ya hoja yaliyohifadhiwa kama jedwali) yenye faharasa ya GiST, inayoharakisha utafutaji wa maumbo. Ongeza na faharasa ya kipekee kwenye kitambulisho cha ngazi hiyo, mfano kata_id, la sivyo REFRESH … CONCURRENTLY (kuisasisha bila kuzuia wasomaji) itakataa, na REFRESH ya kawaida hufungia wasomaji nje hadi imalize.